Tangawizi na kichefuchefu cha kemo: utafiti wenyewe ulisema nini?

Mwezi uliopita mama mdogo, ambaye yuko katikati ya tibakemia, alinitumia ujumbe wa WhatsApp, ile aina iliyopita kwenye magrupu kumi kabla ya kukufikia. Ulidai eti wanasayansi wamethibitisha kwamba tangawizi inazuia kutapika kwa wagonjwa wa saratani. Chini yake akaandika: "Mwanangu, kwa hiyo hivi vidonge vya hospitali niviache?"

Simlaumu. Nani kati yetu hakunyweshwa tangawizi kila alipokohoa? Lakini swali lake lilinifanya nirudi kwenye utafiti unaotajwa sana katika habari hii, nikausoma wote.

Uliongozwa na Julie Ryan wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, ukatangazwa mwaka 2009 na kuchapishwa 2012. Wagonjwa 744 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipewa kapsuli za tangawizi, gramu 0.5, 1.0 au 1.5 kwa siku, wengine kapsuli bandia. Walimeza kwa siku sita, wakianza siku tatu kabla ya dripu. Siku ya kwanza ya kemo, kichefuchefu kilipungua katika makundi yote matatu ya tangawizi. Ni kazi ya maana, wala sina nia ya kuibeza.

Sasa soma kile ambacho ujumbe wa WhatsApp umekiruka. Wagonjwa wote hao, hata wa kapsuli bandia, walikuwa wanatumia pia dawa za hospitali za kuzuia kutapika, zile za familia ya ondansetroni. Dawa za kemo huzifanya seli fulani za utumbo kumwaga serotonini, nayo hugusa vipokezi kwenye neva inayopeleka taarifa kwenye ubongo: tapika! Ondansetroni huziba vipokezi hivyo. Kwenye maabara, kemikali za tangawizi kama jinjeroli zimeonekana kugusa vipokezi hivyohivyo. Kwa hiyo utafiti uliuliza kama tangawizi inaongeza kitu juu ya dawa. Swali la mama mdogo, yaani tangawizi badala ya dawa, halikuulizwa kabisa.

Halafu kutapika kwenyewe hakukubadilika. Kilichopungua ni kichefuchefu, ambacho mgonjwa hukipima mwenyewe kwa namba kuanzia 1 hadi 7. Kichefuchefu ni mateso, sawa, lakini "inazuia kutapika" ni madai mengine kabisa.

Kinachonisumbua zaidi ni dozi. Nafuu kubwa zaidi ilionekana kwa gramu 0.5 na 1.0, si 1.5. Inawezekana kuna sababu ya kibiolojia, lakini dawa inapozidi na nafuu isizidi, mimi huanza kukuna kichwa. Tena walioingia kwenye hesabu ya mwisho ni 576. Wagonjwa 168 hawamo. Hao si wachache wa kupuuzwa.

Na utafiti huu hauko peke yake. Mwaka 2009 Suzanna Zick na wenzake huko Michigan waliwapa wagonjwa 162 gramu 1 au 2 za tangawizi, au kapsuli bandia, na hawakuona faida. Waliochanganya tangawizi na aprepitanti, dawa nyingine ya kuzuia kutapika, walipata kichefuchefu kikali zaidi siku ya kwanza. Italia nao, 2017, waliwajaribu wagonjwa 121 wa sisplatini, dawa inayotapisha kwelikweli. Tangawizi haikushinda kapsuli bandia, ingawa dozi yao ilikuwa ndogo, miligramu 160 za dondoo kwa siku. Hizo mbili hazisambazwi, si unajua.

Nilimpigia mama mdogo, maana haya yote hayaandikiki kwa kidole gumba. Nikamwambia vidonge ameze kama alivyoandikiwa. Akitapika mfululizo atakaukiwa maji, na dripu inayofuata inaweza kuahirishwa. Kapsuli za tangawizi asianze kabla hajamuuliza daktari wake, kwa sababu kemo hushusha chembe zinazogandisha damu, na tangawizi nyingi inashukiwa kuzidhoofisha.

"Na chai yangu ya asubuhi je?"

Nikamwambia hiyo nayo aitaje kwa daktari, na aseme ukweli anaweka tangawizi kiasi gani. Akacheka, kwa sababu chai yake naijua, inawasha hadi masikio.