Nyumba Imevunjwa Lini? Bao la Kiswahili Ndani ya Kompyuta

Bao la Kiswahili huchezwa kwa mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji ana safu mbili za mashimo manane manane: ya mbele inatazamana na safu ya mpinzani, na ya nyuma ni maficho, kwa kuwa kete zilizomo haziliwi. Anayeishiwa kete katika safu ya mbele amefungwa, na asiye na mchezo wowote halali amefungwa vilevile. Hakuna dadu wala karata iliyofichwa. Kila kete inaonwa na wachezaji wote wawili, na pia na watazamaji waliowazunguka barazani, iwe Magomeni ya Kilosa, Mikumi au Unguja. Kwa mtengenezaji wa programu, mchezo wa namna hii unaonekana mteremko: namba 32 katika kumbukumbu ya kompyuta, kutoa hapa, kuongeza pale, kazi imekwisha.

Programu iliyojengwa kwa fikra hiyo huishia kwenye bao la kujifunza, lile ambalo kila shimo huanza na kete mbili na mkononi hamna kitu. Bao la Kiswahili lenyewe huanza kwa namna nyingine. Kila upande huweka kete sita kwenye nyumba, shimo la nne kutoka kulia katika safu ya mbele, ambalo kwenye ubao mara nyingi huchongwa pembe nne ili litofautiane na wenzake. Mashimo mawili yaliyo kuliani mwa nyumba hupewa kete mbili mbili. Kete 22 zinazobaki hushikwa mkononi na kuingizwa moja moja, zamu kwa zamu; hiyo ndiyo awamu ya namua. Mikono ikishakuwa mitupu huanza awamu ya mtaji, ambapo mchezaji huchota kete zilizo ubaoni.

Nyumba ndiyo kipimo cha kwanza cha ubora wa bao la kompyuta. Maadamu haijavunjwa na ina kete sita au zaidi, ina haki ambazo mashimo mengine hayana. Mchezaji anayekula katika namua, kete yake ya mwisho ikiangukia kwenye nyumba yake na mbele yake pakiwa hamna cha kula, ana hiari: kulala hapohapo, zamu ikaisha, au kuibeba nyumba nzima na kwenda safari. Akienda safari, nyumba imevunjika na hairudi tena, hata shimo hilo likijaa kete kumi baadaye. Hapo ndipo ilipo siri ambayo msanifu mvivu huikosa: ukitazama picha ya ubao, huwezi kujua kama nyumba ipo. Namba 32 zinaeleza kete ziko wapi, hazielezi yaliyopita. Kwa hiyo programu inahitaji kumbukumbu ya ziada kwa kila mchezaji inayosema nyumba imesimama au imeanguka, na inahitaji pia kulionyesha jambo hilo kiooni kwa rangi au alama, kwa sababu barazani kumbukumbu hiyo hutunzwa na vichwa vya watu wanaotazama, na simu haina watazamaji.

Hiari ya safari ina shida nyingine, na hii ni ya usanifu zaidi kuliko hesabu. Michezo mingi ya ubao ya kompyuta hujengwa juu ya dhana kwamba uamuzi hufanywa mwanzoni mwa zamu: gusa shimo, chagua upande, kaa utazame. Katika bao uamuzi unaweza kuja katikati, kete zikiwa tayari zimezunguka, zimekula na kuzunguka tena. Programu inayouliza mapema, kabla ya kete ya kwanza kuanguka, kama mchezaji atataka safari, inamdai hesabu ambayo hata bingwa halazimiki kuitoa kwa wakati huo. Programu inayojiamulia yenyewe ni mbaya zaidi, maana imemnyang'anya mchezaji uamuzi mzito kuliko yote ya namua. Njia sahihi ni mkono wa mashine kusimama juu ya nyumba, kama mkono wa mtu unavyosimama, na kungoja.

Kanuni nyingine ndogo huanguka kwa urahisi wakati wa kuandika programu. Kete zilizoliwa kwenye kichwa au kimbi, yaani mashimo mawili ya mwisho ya kila ncha ya safu ya mbele, lazima zianze kusambazwa kutoka kichwa cha ncha hiyo, hata kama zamu ilikuwa inaelekea upande wa pili. Zilizoliwa katikati ya safu hufuata mwelekeo uliokwisha kuanza. Anayeweza kula halazimishwi na adabu bali na kanuni: lazima ale. Asiyeweza kula hutakasa, yaani husambaza kete bila kula, na zamu iliyoanza kwa kutakasa haili hata kete ya mwisho ikitua mahali pa kula. Kisha kuna kutakasia, kanuni ya awamu ya mtaji inayowatoa jasho hata wachezaji wazoefu. Mchezaji asiye na cha kula anapotakasa na kuuacha ubao ukiwa na shimo moja tu la mpinzani linaloweza kuliwa, shimo hilo hufungiwa: mwenyewe haruhusiwi kulianzisha katika zamu inayofuata, isipokuwa katika hali chache, kwa mfano likiwa ndilo shimo pekee lenye kete katika safu yake ya mbele.

Kuiandika kanuni hiyo ni suala la mistari michache. Kuieleza kiooni ndiko kugumu. Mgeni anagusa shimo lake, halisogei, naye anadhani simu imekwama. Barazani angeambiwa na watu watatu kwa mpigo, pengine kwa kejeli, kwamba ametakasiwa. Programu nzuri haina budi kuchukua kazi ya watu hao watatu na kulitaja neno lenyewe, kwa kuwa neno ndilo mlango wa kanuni.

Swali la kazi ipi ya mezani ichukuliwe na mashine ndilo linalogawa maoni kuhusu michezo ya kompyuta ya kuigiza wahusika iliyotokana na kanuni za mezani, hasa Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson, iliyotolewa Marekani mwaka 1974. Mezani mchezo huo una msimamizi anayesimulia, anayeamua na anayeweza kuilegeza kanuni ikiuharibu usiku wa watu. Kompyuta inaweza kutupa dadu na kujumlisha haraka kuliko mtu yeyote. Kulegeza haiwezi, mpaka msanifu awe amelifikiria tukio hilo miezi kadhaa kabla. Baldur's Gate ya BioWare, mwaka 1998, iliacha mapigano yaende mfululizo huku mchezaji akiwa na uwezo wa kuyasimamisha, raundi moja ikiwa sekunde sita, na kanuni ya mezani ya kupeana zamu ikazama chini ya uso wa mchezo. The Temple of Elemental Evil ya Troika, mwaka 2003, ilifanya kinyume: zamu kwa zamu, karibu sana na kitabu cha kanuni. Mapigano yake yalisifiwa, na hitilafu zake pamoja na wembamba wa hadithi vikalaumiwa. Uaminifu kwa kitabu haukuiokoa, wala ukaidi wa Baldur's Gate haukuiangusha.

Mfano unaofaa zaidi kwa bao ni Baldur's Gate 3 ya Larian, mwaka 2023. Humo dadu ya pande 20 huonekana ikibingirika kiooni wakati wa mazungumzo mazito, ingawa kompyuta haihitaji kubingirisha chochote ili ipate namba. Wasanifu walitambua kwamba kutupa dadu ni sehemu ya tukio, si njia tu ya kulifikia jibu. Wakaongeza na mpangilio unaopunguza mikosi ya mfululizo, ambao mchezaji anaweza kuuzima. Bao halina dadu, lakini lina kitu kinachokaa mahali pake: kusambaza kete. Mkono unaodondosha moja moja, haraka, kwa mlio wa komwe kwenye mti, ndio unaompa mpinzani nafasi ya kufuatilia na kushtuka. Programu inayoruka kutoka ubao wa kwanza hadi wa mwisho kwa kufumba na kufumbua imefanya hesabu sahihi na kuuficha mchezo. Mchezaji anakuta kete kumi na nne zimetoweka na hajui zimekwenda na nani. Kasi ya kusambaza, basi, ichaguliwe na mchezaji, na zamu iliyopita iweze kurudiwa kutazamwa.

Kuna msaada mmoja ambao katika michezo ya dadu ni hisani na katika bao ni uharibifu. Mchezo wa kuigiza ukimwonyesha mtu kwamba upanga wake una nafasi ya asilimia 65 ya kupiga, bado haujamwambia kama utapiga. Katika bao matokeo ya kila chaguo yamekwisha kuamuliwa na hali ya ubao. Kinachofichwa ni urefu wa hesabu tu. Programu ikimwonyesha mchezaji ubao utakavyokuwa baada ya kila shimo analoweza kuligusa, imemchezea. Kumwonyesha mashimo yaliyo halali kunatosha, na hata hilo lizimike kwa anayetaka. Uwezo wa kuiona safari ndefu kichwani kabla mkono haujasogea ndio uliomvutia mtafiti Mholanzi Alex de Voogt kwa mabingwa wa Zanzibar, alioandika juu yao katika tasnifu yake ya Leiden ya mwaka 1995.

Kumpa mchezaji mpinzani wa kompyuta ni kazi nyingine tena. Awari ya Afrika Magharibi, yenye mashimo 12 na kete 48, ilimalizwa kabisa mwaka 2002 huko Amsterdam: John Romein na Henri Bal walikokotoa hali zake zote, zaidi ya bilioni 889, wakathibitisha kwamba wachezaji wawili wasiokosea hutoka sare. Bao ni kubwa na lenye mikunjo mingi kuliko awari. Mwaka huohuo Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk wa Maastricht waliandika juu ya namna ya kulitengenezea bao programu. Ugumu mmoja haupo katika sataranji: zamu moja ya bao inaweza kubadilisha karibu ubao mzima, hivyo kadirio la nani yuko mbele linalotegemea idadi ya kete hupinduka kwa zamu moja.

Zamu hiyo moja inaweza pia isiishe. Kete zikila, zikaendelea na kuzunguka, zipo hali chache ambazo mzunguko hujirudia milele. Binadamu huchoka, hucheka na kukubaliana. Kompyuta hukwama mpaka betri iishe. Dawa inajulikana. Kwa kuwa kete na mashimo vina idadi, hali za ubao nazo zina mwisho. Ubao uleule, shimo lilelile na mwelekeo uleule vikirudi mara ya pili ndani ya zamu moja, kete hazitalala kamwe, na programu inaweza kulitambua hilo papo hapo. Kuweka kikomo cha mizunguko, tuseme mia moja, ni njia ya mkato inayoweza kuikata zamu ndefu iliyo halali.

Sifa hiyohiyo ya bao, kwamba kila kitu hufuata ubao, huwafaa wanaocheza wakiwa mbali. Kijana wa Magomeni na mjomba wake aliye Mikumi hawahitaji intaneti yenye nguvu. Kinachosafiri ni namba ya shimo, upande, na jibu la kulala au safari. Kila simu husambaza kete zake yenyewe. Hatari ni simu mbili zenye matoleo tofauti ya programu, moja ikikubali mchezo ambao nyingine inauona umetakasiwa. Kwa hiyo kanuni zinazotofautiana ziandikwe na kukubaliwa kabla kete ya kwanza haijaingia, na baada ya kila zamu simu zilinganishe kete za mashimo yote 32, zilizobaki mikononi, na nyumba zilizosimama. Tofauti ikijitokeza, mchezo usimame kwenye zamu hiyohiyo, wakati wachezaji wote wawili bado wanakumbuka kilichotokea.