Funguo Kumi na Nne za Kiingereza

Wengi wajifunzao Kiingereza hutafuta njia fupi ya kupata maneno mengi. Njia isifiwayo sana ni kujifunza vitangulizi, yaani vile vipande vidogo vikaavyo mbele ya maneno, ambavyo vingi vyao Waingereza walivipata katika Kilatini na Kiyunani. Ajuaye kwamba "sub" ni chini, na "marine" ni mambo ya bahari, atafahamu upesi kuwa "submarine" ni chombo kiendacho chini ya maji. Njia hii ni njema. Lakini yafaa tuipime kwanza, maana wako waisifuo kupita kiasi.

Na tutwae orodha ijulikanayo sana, ile ya James I. Brown wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliyeitunga katika miaka ya 1940. Alichagua maneno 14 tu, ambayo ndani yake mna vitangulizi 20 na mashina 14. Kwa hesabu yake, vipande hivyo hupatikana katika maneno zaidi ya 14,000 ya kamusi ya kawaida, na katika maneno yapatayo 100,000 ya kamusi kubwa. Hii ni kazi ya kusifiwa. Mtu asiye na vitabu vingi aweza kuinakili katika ukurasa mmoja wa daftari, akaenda nayo popote.

Tena yako maneno yafungukayo vema. Katika "detain", "de" ni kando, na "tain" ni kushika: ndiyo kumzuia mtu asiende zake. Katika "intermittent", "inter" ni kati, na "mitt" ni kutuma. Madaktari wa zamani walilitumia neno hilo kwa homa ijayo na kuondoka, kisha ikaja tena. Aliyekwisha elezwa maana hiyo hataisahau, kwa kuwa vipande vyenyewe vitamkumbusha.

Lakini kukumbushwa ni jambo moja, na kufahamu neno geni ni jambo jingine. Neno la kwanza katika orodha ni "precept". "Pre" ni kabla, na "cept" ni kutwaa. Je, ni nani atakayeunganisha "kutwaa" na "kabla" akapata "agizo" au "fundisho"? Ndiyo maana yake, lakini vipande peke yake havitamfikisha huko. Na maneno mengine ya orodha, kama "oversufficient", yaonekana yalitiwa ili vitangulizi vyote vipate nafasi. Katika magazeti na vitabu ni shida kulikuta.

Kasoro ya pili ni kwamba vitangulizi hubadili sura. "Ob" imejificha katika "offer", na "ad" katika "aspect". Sisi tusemao Kiswahili hatustaajabu, maana "m" ya "mtu" huwa "mw" katika "mwana". Vingine hufutika kabisa. Katika Kiyunani, "episkopos" ni mwangalizi: "epi" ni juu, na "skop" ni kuangalia. Waingereza walilifupisha hata likawa "bishop". Kwetu lilipitia Kiarabu likawa "askofu". Atafutaye "epi" katika maneno hayo mawili haioni tena.

Kasoro ya tatu yaweza kuleta hasara ya mali, hata ya roho. Kitangulizi "in" kina maana mbili. Mara nyingi hukanusha, lakini mara nyingine ni "ndani", nacho huongeza nguvu ya neno. Mtu aliyekariri kwamba "in" ni "si" atasoma "inflammable" juu ya debe la petroli na kudhani kuwa haliwaki, hali neno lasema kwamba hushika moto upesi. Kwa hofu hiyo, chama cha Marekani cha kujikinga na moto, National Fire Protection Association, kiliwahimiza watu katika miaka ya 1920 waandike "flammable". Hapo elimu ya nusu ni mbaya kuliko ujinga, kwa kuwa mjinga huuliza kwanza.

Hata kwetu mambo ndiyo hayo. Mgeni afundishwaye kwamba "ki" hupunguza, kama "kitoto" na "kijiji", akikata "kitabu" atapata "tabu ndogo". Kumbe ni neno la Kiarabu, na "ki" yake ni sehemu ya shina.

Basi, mwenye kujifunza na ashike vichache vitumikavyo sana. Wataalamu watatu wa Marekani walitoa hesabu mwaka 1989: katika kila maneno 100 yenye vitangulizi katika vitabu vya shule, 26 yalikuwa na "un", 14 "re", 11 "in" na ndugu zake, na 7 "dis". Vinne hivyo vyatosha maneno 58 katika 100. Na tuangalie ya kuwa "un", kilicho kikubwa kuliko vyote, si cha Kilatini wala cha Kiyunani, bali ni cha Kiingereza chenyewe cha kale.

Kisha, akutanapo na neno geni, asome sentensi nzima kwanza, halafu alikate neno na kukisia, mwisho atazame kamusi. Kamusi ikikataa kisio lake, aifuate kamusi, na neno hilo aliandike daftarini pamoja na sentensi yake.