Uzi Mmoja wa Ziada

Ukitaka kujua kama msusi wa kiondo anaimudu kazi yake, usianze na rangi. Kipindue kiondo uangalie kitako. Kitako kilicholala sawasawa juu ya meza, bila kubonyea kama bakuli na bila kuota mawimbi ukingoni, ni hesabu iliyofanywa na vidole mzunguko baada ya mzunguko, bila kalamu wala rula. Rangi huja baadaye, na hata hizo, kwa sehemu kubwa, huamuliwa palepale kitakoni.

Mimi ni mwanafunzi wa sanaa na usanifu. Muhula huu mwalimu wetu alitupa kazi iliyoonekana ya mzaha: kila mmoja achague kitu cha matumizi ya kila siku, akichore, kisha ajaribu kukitengeneza, halafu aandike daftarini yale aliyoyaona mikono ikifanya kazi ambayo macho peke yake hayakuyaona. Wenzangu wengi walikimbilia vitu vyenye picha: matatu za barabara ya Embu hadi Meru, mabango ya vinyozi, leso. Nikachagua kiondo cha mkonge cha Mbeere, kwa kuwa kwetu huning'inia nyuma ya mlango wa jikoni na hakuna anayekitupia jicho ila anapokwenda sokoni.

Mbeere ni upande wa chini wa Kaunti ya Embu, kule kwenye joto na mvua chache: Siakago, Kiritiri, Ishiara. Huko mkonge ni uzio wa shamba kabla ya kuwa mali. Mmea huu si wa kwetu kwa asili. Ulitoka Meksiko, na mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf akauleta Tanga kupitia Florida; miche 62 tu ndiyo iliyopona safari, na kutokana nayo mashamba makubwa ya Afrika Mashariki yakaanza. Ususi wenyewe ni wa zamani kuliko mkonge. Kabla yake nyuzi zilitoka kwenye magome ya vichaka na ya mibuyu. Kwa hiyo kiondo tunachokiita cha asili kimeshabadilisha malighafi angalau mara moja, na sasa kinabadilisha tena, nyuzi za dukani za akriliki zikichukua nafasi ya katani. Nitalirudia jambo hilo, maana lina matokeo ambayo wanaolalamikia kupotea kwa utamaduni huwa hawayataji.

Jani la mkonge hukatwa, likaondolewa mwiba wa nchani, likapasuliwa vipande, kisha likaparuliwa kwa kisu au ubapa wa panga mpaka nyama ya kijani itoke na nyuzi nyeupe zibaki. Maji yake yanawasha vibaya. Nyuzi huoshwa, huanikwa, na zile za rangi huchemshwa na rangi. Hadi hapo ni kazi ya nguvu. Sanaa huanzia pajani.

Cucu (bibi) aliyenifundisha, mkazi wa karibu na Kiritiri, aliketi chini mguu mmoja ukiwa umenyooka, akashika mafungu mawili membamba ya katani, akayalaza pajani sambamba bila kuyagusanisha. Kiganja kikayasukuma kuelekea gotini, kila fungu likajisokota peke yake. Kisha, bila kuinua mkono, akayaacha yagusane na kuyavuta kurudi nyuma. Yakazungukana. Tendo moja, kwenda na kurudi, na kamba imeshapatikana. Siri yake ni kwamba misokoto hiyo miwili inapingana. Kila fungu linataka kujifungua, lakini kadiri linavyojaribu ndivyo linavyozidi kuyakaza yale mazunguko ya pamoja. Ndiyo maana kamba haihitaji fundo wala gundi. Nilikuwa nimeichora kamba hiyo kurasa nzima, na mistari yangu ya mshazari ilikuwa safi kabisa, lakini sikuwa nimejiuliza kwa nini ni ya mshazari.

Sasa kitako. Wasomaji wa Pwani wamezoea kikapu cha ukili, ambapo mkanda mrefu husukwa kwanza, ndipo ukazungushwa na kushonwa. Kiondo hakina mkanda wala sindano. Kamba chache hukingamanishwa katikati, ncha zake zikitawanyika pande zote. Hizo ndizo nyuzi za kusimama. Kamba nyingine mbili huzunguka kwa pamoja: moja ikipita mbele ya uzi wa kusimama, nyingine hupita nyuma yake, kisha hupishana na kubadilishana nafasi kabla ya uzi unaofuata. Zinaubana kila uzi katikati yao na kuendelea, zikizunguka kutoka kitovuni kwenda nje.

Tatizo ni kwamba duara likikua, nafasi kati ya nyuzi za kusimama inapanuka. Lazima uongeze nyuzi mpya. Ngapi? Nilimuuliza cucu, akanijibu kwamba kiondo chenyewe hukuambia. Jibu hilo lilinikera, nikakaa chini nikapiga hesabu.

Chukua kamba zenye unene wa milimita 3. Kila mzunguko unaongeza milimita 3 kwenye nusu kipenyo, na mzingo wa duara huongezeka kwa mara mbili ya pai ukizidisha na hiyo 3, yaani karibu milimita 19. Kama nyuzi za kusimama nazo zinakaa kwa nafasi ya milimita 3, basi mzunguko huo unahitaji nyuzi mpya 6 na kidogo. La ajabu ni kwamba jibu halitegemei ukubwa wa kitako. Kiwe kidogo kama kisosi au kipana kama sinia, kila mzunguko unadai nyuzi 6, na mara moja katika kila mizunguko mitatu au minne, ya saba. Ukiongeza pungufu, kitako kinajikunja kuwa bakuli. Ukizidisha, ukingo unaota mawimbi. Ukitaka kuta zisimame, acha kuongeza kabisa. Umbo lote la kiondo limo katika uamuzi huo mmoja: naongeza, au siongezi.

Na kiondo kweli hukuambia. Kabla jicho halijaona kasoro, kidole gumba kinachopita juu ya mzunguko mpya husikia nyuzi zikianza kuachana au kubanana. Cucu alikuwa amenijibu kwa usahihi. Tatizo ni kwamba nilisubiri jibu lenye tarakimu.

Hapa ndipo akriliki inapoleta vurugu. Idadi ya nyuzi za kuongeza inatokana na uwiano kati ya unene wa mzunguko na nafasi ya nyuzi za kusimama. Msusi akibakiza nyuzi za kusimama za katani zenye nafasi ya milimita 4, lakini akazungushia akriliki laini inayojaza milimita 2 tu, mahitaji yanashuka hadi nyuzi 3 kwa mzunguko. Mikono iliyozoea 6 itaongeza 6, na kitako kitachafuka mawimbi. Nimeviona viondo vya namna hiyo sokoni Embu, na nimesikia muuzaji akisema vijana siku hizi hawana subira. Kwangu hiyo si hoja ya subira. Malighafi imebadilika na hesabu ya zamani imebaki vidoleni.

Tuje kwenye rangi. Tuseme kitako kimefika nusu kipenyo cha sentimita 10. Kwa vipimo vyetu vya kwanza, ukingo wake una nyuzi za kusimama zipatazo 209 au 210, na hapo kuta zinaanza kupanda. Kamba za kuzunguka ni mbili, moja nyeusi na moja nyeupe. Nyeusi inaonekana kwenye uzi wa kwanza, nyeupe kwenye wa pili, nyeusi wa tatu, zikipokezana hivyo. Kama nyuzi ni 210, mzunguko wa pili unaanza na nyeusi juu ya nyeusi, na wa tatu vilevile; kiondo kitapata mistari ya wima kutoka kitakoni hadi mdomoni. Kama ni 209, mzunguko wa pili unaanza na nyeupe juu ya nyeusi, wa tatu unarudia nyeusi, na ukuta mzima unakuwa wa madoa ya kupokezana. Kamba ni zilezile na mkono ni uleule. Tofauti ni uzi mmoja uliotiwa au uliozuiwa kabla rangi ya pili haijaguswa.

Kuna mtego ndani yake. Uzi mpya kwa kawaida huongezwa ukiwa umekunjwa katikati, na hivyo huleta ncha mbili, basi hesabu huelea upande wa shufwa yenyewe. Anayetaka madoa inabidi autafute huo witiri kwa makusudi: atie uzi usiokunjwa, au azichukue ncha mbili kama moja. Akiwa katikati ya ukuta na ameshaamua vingine, bado ana njia. Anazipishanisha kamba mara mbili badala ya mara moja kati ya nyuzi mbili za kusimama, na rangi zote zinazofuata zinasogea hatua. Mshazari na zigizaga huzaliwa hapo. Halafu geuza kiondo nje ndani. Penye nyeusi nje, ndani pana nyeupe. Msusi hufanya picha mbili kwa wakati mmoja, moja ikiwa kinyume cha nyingine, na ile ya ndani hufunikwa na viazi.

Nimeyachambua haya kwa urefu kwa sababu darasani tulifundishwa kuitazama sanaa kutoka mbali. Mfano tuliopewa ni mzuri, siubezi: michoro ya ukutani ya Elimo Njau katika kanisa kuu la Murang'a, ya mwaka 1959, ambamo maisha ya Yesu yamewekwa katika mandhari ya huku kwetu na watu wake ni weusi. Njau alisoma Makerere, katika shule iliyoanzishwa na Margaret Trowell, na Trowell huyohuyo alishiriki kuandika kitabu kizima kuhusu kazi za mikono za Uganda, kilichotoka 1953. Kwake vikapu, vibuyu na michoro havikuwa na ukuta kati yao. Sisi ndio tulioujenga. Hata makumbusho, ukiniuliza, hukosea kidogo hapa: kiondo kikiwekwa rafuni nyuma ya kioo, mtazamaji huoneshwa ubavu, na kitako, ambako kazi imefanyika, kinaangalia ubao.

Mwenzangu mmoja, mwenyeji wa Maua huko Meru, alichagua kitu kilichomtatiza mwalimu: kifurushi cha miraa. Alibishiwa. Lakini daftari lake lilikuwa bora kuliko la wengi wetu. Wachambuzi wa miraa wa kwao Igembe hulinganisha vijiti kwa urefu, ulaini na rangi ya ngozi, huvifunga vishada kwa nyuzi kavu za mgomba, kisha hukusanya vishada kuwa fungu kubwa ambalo sokoni huitwa kilo, ingawa mizani haihusiki, na kulivika jani bichi la mgomba. Haraka ina sababu ya kikemia, kwani kathinoni, ile inayomchangamsha mtafunaji, hudhoofika baada ya kama siku mbili tangu kuchumwa, na jani lile lenye nta hupunguza ukaukaji. Kila kitu katika kufunga huko kinatumikia saa. Uingereza ilipopiga marufuku miraa mwezi Juni 2014, soko lilikatika, lakini namna ya kufunga haikubadilika, kwa sababu soko la Mogadishu nalo lina saa zake.

Muguka wa Mbeere, jamaa ya miraa, hauna ufundi huo. Ni majani matupu yanayotiwa mfukoni, hakuna cha kulinganisha urefu. Mwezi Mei 2024, kaunti za Pwani zilipojaribu kuupiga marufuku na wakulima wa Embu wakaja juu, mjadala ulihusu afya na pesa, na ndivyo ilivyostahili. Mimi nilibaki na swali dogo la mwanafunzi: kwa nini mimea miwili ya jamaa moja, kutoka kaunti jirani, imezaa mikono tofauti hivi? Nadhani ni kwa sababu kijiti kina urefu, na chenye urefu kinaweza kupangwa.

Nirudi kwenye kiondo. Kundi la kwanza la gredi ya 10 nchini Kenya lilianza Januari 2026, na mojawapo ya njia tatu za masomo ni ya sanaa na michezo. Nikiulizwa nini kiwekwe kwenye mtihani, nitasema mpeni mtahiniwa kiondo kimoja na dakika chache, kisha mumwulize nyuzi za kusimama ni shufwa au witiri. Hahitaji kuzihesabu. Mistari ya wima ina maana moja, madoa maana nyingine. Kikiwa na mikanda ya rangi iliyolala, ambayo hupatikana kamba zote mbili zikiwa za rangi moja, swali ni gumu zaidi, kwani mikanda hiyo haisemi idadi. Lakini kwa kuwa mizunguko hupanda bila kufunga, kila rangi mpya inapoanza hubaki kidato kidogo ambapo mkanda haukutani na mwanzo wake. Hapo ndipo msusi alipobadilishia kamba, na vidato vyote vikikaa kwenye mstari mmoja, ujue alikuwa na mahali pake maalumu pa kubadilishia. Mafundi wa ngozi wa Kariokor, Nairobi, wanaotia mikanda ya bega, wakiuona mstari huo wana nafasi ya kuufunika kwa mshono wa ngozi. Viondo viwili nilivyokagua vilikuwa vimeshonewa hapo hapo. Cha tatu mkanda wa bega ulikuwa umekwenda kando kwa upana wa vidole vinne, na vidato vyote vilionekana.