"Moja kwa Moja": Kasoro ya Istilahi ya Mgeuko wa Seli

Makala haya yanahusu istilahi moja tu. Katika tafsiri za elimu ya viumbe tumekutana na usemi "mgeuko wa moja kwa moja wa seli", unaokusudiwa kueleza jinsi seli iliyokomaa ya aina moja inavyokuwa seli ya aina nyingine pasi na kurejea kwanza katika hali ya uchanga. Tunaona kuwa usemi huu haufai, na kutofaa kwake si jambo la mapambo ya lugha.

Dhana yenyewe ni ya kweli, na inastahili jina. Mwaka 1895 Gustav Wolff alionyesha kuwa salamanda aliyeondolewa lenzi ya jicho huota nyingine kutokana na seli za sehemu yenye rangi inayozunguka mboni. Mwaka 1987 watafiti wa Marekani walizigeuza seli za tishu unganishi za panya kuwa za misuli kwa kutumia jeni moja, MyoD; na mwaka 2010 wengine wakazigeuza kuwa seli za neva kwa jeni tatu. Kazi hizo ni mbali na ile ya Shinya Yamanaka wa Japani, ambaye mwaka 2006 alizirudisha seli zilizokomaa kwenye uchanga mithili ya ule wa kiinitete. Njia ni mbili, na istilahi lazima zizitenge.

Je, "moja kwa moja" inazitenga? Twende Konde, kaskazini mwa Pemba. Huko mtu akisema, "Fulani kenda Unguja moja kwa moja," msikilizaji ana haki ya kuuliza: hakupumzika Chake Chake, au harudi tena? Maana zote mbili ni sahihi, na ya pili ndiyo inayotangulia kufika moyoni. Mtaalamu amekusudia njia. Mwananchi amesikia hatima.

Maabarani utata huu ungevumilika. Lakini istilahi haikai maabarani. Kichocho cha mkojo ni maradhi ya zamani kisiwani Pemba. Mayai ya minyoo yake hunasa katika ukuta wa kibofu, na mwasho wa miaka mingi huweza kuufanya utando wa ndani uache seli zake za asili na kuota seli bapa zinazokaribia kufanana na za ngozi. Hali hiyo ikiachwa huenda ikafuatiwa na saratani. Mgonjwa wa Konde akiambiwa kwamba seli za kibofu chake "zimegeuka moja kwa moja", atafahamu nini? Atafahamu kuwa yamekwisha, na dawa haina maana tena. Kumbe prazikwanteli huua minyoo hiyo, na mgeuko wa namna hii, mwasho ukiondolewa mapema, huweza kurudi nyuma. Tena kuna kosa la pili ndani ya lile la kwanza: mgeuko wa kibofu hudhaniwa kuanzia katika seli za chini za utando ambazo bado hazijakomaa, kwa hiyo hata njia yake si ile ya seli za Wolff.

Wako wanaopendelea "uvukaji wa seli". Neno ni zuri, na lina harufu ya bahari. Lakini seli za saratani huvuka kweli kweli kuta za mishipa ya damu, na hapo tutakuwa tumeziba tundu moja kwa kutoboa jingine. "Mageuzi" nayo imekwisha kubebeshwa siasa mpaka haina nafasi. "Mabadiliko" haisemi kitu.

Sisi tunapendekeza "mgeuko wa mkato". Mtu wa Konde anayeacha barabara na kupita mashamba ya mikarafuu anajua njia ya mkato ni ipi: inafika kule kule bila ya kuzunguka, wala haimzuii mtu kurudi. Najua, atasema msomaji, lakini mkato ni alama ya uandishi pia. Ni kweli, hatujapata kumwona mgonjwa aliyeogopeshwa na alama ya uandishi. Kwa njia ya Yamanaka tunatoa "urejeshaji uchangani", na kwa hali ya kibofu "mgeuko wa utando", bila ya kuongeza neno lolote linalotaja njia wala muda.