Hongera, Mashirika ya Goma

Mwaka 1961 maaskofu Wakatoliki wa Kongo walichagua kulijenga Kanisa juu ya jumuiya hai za waamini. Huko Goma matunda ya uamuzi huo yanaonekana mtaani, katika mashirika: majirani wanaokutana nyumbani kwa mmoja wao, wakasoma Injili na kusali pamoja.

Sala ikiisha, kazi inaanza. Nani anaumwa? Nani amefiwa? Mama mmoja anafungua kitambaa, anaweka noti ya franka kwenye kikapu. Mwingine ameleta maharagwe kwenye mfuko, mwingine makaa. Kabla ya giza kuingia, mzigo uko mlangoni kwa mgonjwa, na haulizwi kama ataweza kulipa.

Mji huu umejaribiwa sana. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya mlima Nyiragongo ilipita katikati ya Goma na kuteketeza hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Mei 2021 mlima ulilipuka tena. Vita navyo viliwamwaga wakimbizi wengi pembezoni mwa mji, huko Kanyaruchinya na Bulengo. Kanisa la mawe liliungua, lakini Kanisa la watu lilibaki, kwa sababu jirani alimpokea jirani.

Kwa hiyo nawapongeza viongozi wa mashirika, wanaohudumu bila mshahara. Nawe msomaji, kama hujafika kwenye shirika la mtaa wako, nenda wiki hii, wala usiende mikono mitupu.