Jembe na Daftari la Hesabu

Kijitabu cha Mwalimu Nyerere, Elimu ya Kujitegemea, kilichotoka Machi 1967, aghalabu husomwa kana kwamba kilihubiri jembe tu. Sisi twaona wasomaji hao wameruka sehemu iliyo nzito kuliko zote. Mwandishi hakutaka wanafunzi walime tu. Alitaka washiriki katika kupanga kazi ya shamba, waione faida na hasara yake, wajadiliane mapato yatumiweje. Huko ndiko kufundishwa uraia. Lakini katika shule nyingi daftari la hesabu lilibaki ofisini, na shamba likawa mahali pa kumpeleka mtoro au aliyechelewa mstarini. Nani ataipenda kazi aliyoijua kwanza kama adhabu? Azimio la Musoma la 1974 liliwataka wahitimu wa kidato cha sita wafanye kazi kwanza ndipo waingie Chuo Kikuu. Lakini kufanya kazi si sawa na kuamua juu ya kazi. Sasa Sera ya Elimu na Mafunzo, Toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali katika sekondari. Karakana zahitajika, naam, na walimu pia. Ila twauliza: kabati lililotengenezwa na wanafunzi likiuzwa, nani atakaa katika kikao cha kuamua fedha zake?