Volti 100 Zilikuwepo, Newala Hazikutumika

Mliokuwepo Newala kwenye mkutano wa wakulima wa korosho mlisikia wenyewe. Waliokaa nyuma kabisa, chini ya mikorosho, waliambulia mvumo tu. Bei iliyowaleta hawakuisikia. Kosa lilitendeka kabla mtambo haujawashwa.



Amplifaya ya Newala ni Ahuja ya wati 120. Mgongoni ina vituo vya omu 4, 8 na 16, kisha volti 70 na 100. Honi nne za nyuma, kila moja na transfoma yake, zilikuwa umbali wa mita 200, kwa waya wa milimita mraba 1. Fundi akaziruka transfoma, akaunganisha honi zitimize omu 8, akakaza skrubu kwenye kituo cha omu 8. Piga hesabu. Kwenda na kurudi ni mita 400 za shaba, karibu omu 7. Kituo hicho hutoa volti 31 hivi. Karibu nusu inaishia njiani, na kila honi inapata wati 8 au 9. Kwenye volti 100 mkondo ungekuwa ampea 1 na kidogo, na kila honi ingepata wati 25. Waya uleule, mtambo uleule!

Kisha akaongeza sauti mpaka mwisho. Mawimbi yakakatwa vichwa, na herufi za s na sh zikageuka mchanga.

Vijana hudai laini ya volti 100 ni nzito, haikimbizi sauti. Si kweli. Kilele chake ni volti 141. Kuizungusha yote kwa hezi 8,000 kunataka kasi ya volti 7 kwa kila sehemu ya milioni ya sekunde, na transista za leo zinaiweza. Adui wa transfoma ni besi, maana chuma chake hujaa. Kata chini ya hezi 100, hotuba haipungukiwi kitu.

Nimelisema hili kila msimu: lebo ya wati haipelekei mtu sauti. Wazee wa enzi za valvu, waliotumia KT88 iliyotoka Uingereza mwaka 1956, walicheza na volti zaidi ya 500 ndani ya sanduku, na waliheshimu transfoma kwa sababu bila hiyo hakuna kilichotoka. Walipima laini kwa mita kwanza, ndipo wakawasha. Fundi wetu mita alikuwa nayo, imelala mfukoni.

Mkutano ujao, kabla mwenyekiti hajashika maiki, kamati iende nyuma ya amplifaya ione waya umefungwa kituo gani.